Shahada ya Heshima

Shangazi yangu alikuwa na miwani ya kusomea barua zake na miwani nyingine ya kusomea barua za watu. Hii ya pili ilikuwa na mkufu wa shanga za rangi ya dhahabu, na alipoivaa, sebule yake yote pale Queensbury ilinyamaza. Watu wa kanisa letu walivuka London nzima kumfikia, wakiwa na mifuko ya plastiki iliyojaa barua za halmashauri, za hospitali, za shule za watoto. Aliwahi kuwa karani wizarani Dar es Salaam na hakumwachia mtu asahau. Aliisoma barua kimya mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka mapajani, ndipo akasema imesema nini. Sikuwahi kumsikia akitafsiri sentensi moja baada ya nyingine. Alitoa hukumu, watu wakashukuru, wakaondoka.

Ni kwa sababu yake ninaandika kwa Kiswahili. Wasomaji wangu hupenda kuniuliza swali hilo, nami kwa miaka nimewajibu kwa maneno mazuri kuhusu asili na mizizi. Nilikuwa nadanganya. Nimejifunza lugha hii kwa hasira, neno kwa neno, kama mtu anayeokota mawe njiani akijua nyumba ya kuyarusha.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba alikuwa amefariki miezi minane kabla. Mama alifanya usafi hospitalini Lewisham, nasi tuliishi karibu na soko, kwenye fleti ya chumba kimoja. Kabla ya msiba nililala kwenye kochi. Baada ya msiba mama hakuweza kulala peke yake, nikahamia kitandani, upande wa baba. Nilikuwa tayari naandika hadithi, na mahali pekee penye mlango wa kufungwa palikuwa bafuni. Niliandika nikiwa nimekaa juu ya kifuniko cha choo, daftari magotini, mpaka mama agonge.

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha masikio tu. Mama aliongea, nikaelewa kila kitu, nikamjibu kwa Kiingereza. Yeye naye alielewa nusu, akakisia nusu, tukaishi hivyo bila kugombana. Kwa mambo ya chai na funguo ilitosha.

Mwezi wa tano nikawa na barua mbili mezani. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu cha umma katika mji mwingine, saa mbili na nusu kwa treni. Walinipa nafasi ya kusoma fasihi kwa shahada ya honours, yaani shahada kamili ya kwanza, miaka mitatu, pamoja na chumba katika makazi ya wanafunzi, ambayo Waingereza huyaita halls, kwa mwaka wa kwanza. Ya pili ilitoka chuo kidogo cha hapa hapa kusini mwa London, safari ya basi moja. Hao walinipa shahada waliyoiita foundation, ya miaka miwili, ambayo ni nusu ya njia tu: ukiimaliza, itabidi utafute mwaka mwingine mahali pengine ndipo ufikie pale barua ya kwanza inapokufikisha.

Nilizipima wiki nzima. Sikuwa mjinga wala sikuwa na moyo wa jiwe. Nilijua kwamba nikikaa nyumbani mama atakuwa na mtu wa kumwandalia chai akitoka zamu, na kwamba upande ule wa kitanda hautakuwa mtupu. Nikaandika hayo daftarini. Kisha nikafungua kijitabu cha chuo kikuu, ukurasa wa makazi, na picha ikanimaliza. Chumba kidogo, kitanda cha mtu mmoja, meza chini ya dirisha, na kwenye kona sinki jeupe. Jiko mtachangia wanane, bafu mtachangia wanne, lakini meza na sinki ni vyako na mlango una ufunguo. Niliikata picha ile nikaiweka nyuma ya kava la simu. Nilikuwa nimechagua kabla sijamaliza kupima.

"Mama," nilimwambia, "hii ni honours."

"Ndiyo nini?"

Nikatafuta. "Ni nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri sana."

Mama alinitazama kwa huruma, kama anavyowatazama wauguzi vijana wakishindwa kumweleza wapi wamemwaga dawa. Akachukua mkoba. "Twende kwa wifi," alisema.

Kwa shangazi tulikuta chai ya tangawizi na chapati zimefunikwa. Binti yake, binamu yangu, rika langu, alikuwa chumbani kwake na muziki. Naye alikuwa anasubiri majibu ya vyuo vyake. Shangazi alivaa miwani ya mkufu. Alisoma barua ya kwanza. Akaikunja. Akasoma ya pili. Akaikunja.

"Wifi," alimwambia mama, "hii ya mbali ni shahada ya heshima."

Mama alitabasamu. Neno zuri. Shangazi akainua kidole.

"Unajua shahada ya heshima wanapewa nani? Wakubwa. Umeshawaona kwenye taarifa ya habari. Mtu haingii darasani, hafanyi mtihani. Anavalishwa joho, anapigwa picha, basi. Sasa mtoto aende nayo kuomba kazi? Watamcheka."

Tabasamu la mama likazimika. "Na hii ya karibu?"

"Hii ni shahada ya msingi." Aliipigapiga ile barua kama mgongo wa mtoto. "Msingi, wifi. Nyumba unaianza na msingi au unaianza na heshima?"

"Na kulala? Anasema kule wanampa mahali pa kulala."

"Ukumbini. Imeandikwa hapa, wanafunzi wanalala kwenye kumbi."

"Ukumbini!" Mama aliweka kikombe chini. "Kama matangani?"

"Wavulana na wasichana."

Tulikuwa tumetoka matangani miezi minane tu nyuma. Mama alikuwa amelala wiki nzima juu ya godoro sebuleni kati ya miguu ya watu, na niliona usoni mwake kwamba ananiona mimi pale chini, miaka mitatu, mtu akinivuka kwenda chooni.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba sivyo, kwamba hiyo siyo maana yake hata kidogo. Nilisema haraka na kwa sauti.

"Sema kwa Kiswahili," shangazi alinijibu kwa upole, "mama yako asikie."

Nikafungua mdomo. Nakumbuka chapati, mvuke wake, muziki wa binamu ukutani. Nilijua kila kitu kuhusu ile shahada na sikuwa na neno hata moja la kukibebea.

"Siyo... siyo hiyo heshima," nilisema.

"Zipo ngapi?" shangazi aliuliza, akacheka, na mama naye akacheka kidogo, cheko la mtu aliyepata ahueni.

Nikarudi kwenye Kiingereza na machozi. Mama akageuka.

"Mjibu shangazi yako kwa heshima," alisema.

Nilinyang'anywa shahada ya heshima kwa ajili ya heshima. Majibu yalitakiwa mtandaoni, na mama akaona hakuna sababu ya kulala na jambo. Nilifungua ukurasa kwenye simu palepale, picha ya chumba ikiwa imelala mgongoni mwa simu ile ile, nikakubali chuo cha karibu na kuikataa nafasi ya mbali. Shangazi aliinama na miwani yake kuhakikisha nimebonyeza. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Kama yangeishia hapo, ningemsamehe. Mtu anaweza kukosea neno. Karani wa zamani, Kiingereza cha zamani. Ningesema hivyo na pengine ningeliamini.

Lakini mwezi wa tisa alifanya sherehe ya kumuaga binamu. Alipika biriani, akaalika kanisa zima, akasimama katikati ya sebule ile ile akagonga glasi kwa uma.

"Mwanangu anakwenda chuo kikuu," alisema. "Anakwenda kusoma shahada ya honours. Kamili, siyo hizi za msingi msingi. Na amepata hosteli, chumba chake mwenyewe, bafu humo humo ndani!"

Watu walipiga vigelegele. Mama alipiga zaidi ya wote. Mimi nilikuwa nimeshika sahani mbili, na nilihisi biriani likipoa kwenye mkono wa kushoto na likiniunguza wa kulia. Hosteli. Neno lilikuwepo siku zote. Kila mtu aliyesoma Tanzania analijua neno hosteli. Angelisema lile moja tu siku ile, mama angeelewa mara moja. Alikuwa nalo mdomoni akaokota ukumbi.

Kwenye treni ya kurudi nilijaribu. "Mama, ni ile ile," nilisema, kwa Kiswahili changu cha kuchechemea.

"Ile ipi?"

"Yangu. Ya binamu. Ile ile."

Mama alinitazama akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, mwanangu. Yako ilikuwa ya heshima. Hii ni ya honours."

Kesho yake nilinunua daftari gumu lenye jalada jekundu. Neno la kwanza niliandika heshima, na chini yake maana zote nilizozipata. La pili hosteli. La tatu tasnifu, maana nilikuwa nimegundua kwamba shahada ya honours ni ile ambayo mwanafunzi hufanya mitihani yote na kuandika tasnifu mwishoni. Kwa miaka miwili nilipanda basi kwenda chuo cha msingi na kurudi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele, nikijaza daftari. Nilisikiliza redio za nyumbani kwenye simu. Nilimlazimisha mama anisahihishe ngeli wakati anakata vitunguu, naye alifurahi mno, akadhani namkumbuka baba. Mwaka wa tatu nilipata chuo cha kunimalizia, bado nikilala upande wa baba, na nikaandika tasnifu bafuni. Nilipata honours yangu. Mama aliniuliza kwa nini sasa wamenipa ya honours, nami nikamwambia wamenipandisha cheo.

Riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwa Kiswahili. Shangazi alinunua nakala tano, akazigawa kanisani. "Nimemfundisha mimi," aliwaambia. "Alikuwa hajui hata kusema heshima."

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, wazee wa kanisa waliamua kumpa shangazi cheti cha heshima kwa kuwasomea watu barua miaka yote hii. Cheti cha heshima, ndivyo walivyokiita kwenye tangazo, na niliposoma tangazo lile nilikaa kitako kwenye ngazi za kanisa. Walitaka mtu wa kuandika wasifu wake na kuusoma mbele ya watu. Shangazi akanipigia mwenyewe.

"Tumia kile Kiswahili chako cha vitabuni, mama," alisema. "Usinibanie."

"Sitakubania, shangazi," nilimjibu. Sijawahi kutimiza ahadi kwa moyo mweupe namna ile.

Sherehe ilifanyika ukumbini nyuma ya kanisa, Lewisham, mchana, madirisha wazi na kelele za soko zikiingia. Shangazi alivaa kitenge cha zambarau na miwani ya mkufu. Mama alikaa mstari wa mbele, pembeni yake. Nilianza vizuri: wizara, Dar es Salaam, safari, mifuko ya plastiki. Watu waliitikia kwa vicheko na amina.

"Leo anapokea cheti cha heshima," nilisoma. "Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifundisha maana yake. Heshima ya namna hii anapewa mtu ambaye hakuingia darasani wala hakufanya mtihani. Anavalishwa, anapigwa picha, basi."

Walicheka. Walidhani ni utani wa ndugu, na shangazi alikuwa tayari ameanza kucheka nao, kisha mdomo wake ukabaki wazi na sauti ikakatika. Alikuwa ameyatambua maneno yake.

Nikatoa barua. Nilikuwa nimeitunza miaka yote ndani ya daftari jekundu, mikunjo yake ilikuwa bado ile aliyoifanya yeye. Niliwaambia kwamba ili watu waone ukubwa wa kazi yake nitasoma mfano mmoja. Nikasoma sentensi ya Kiingereza, nikaitafsiri. Nikasoma inayofuata, nikaitafsiri. Tunayo furaha kukupa nafasi. Shahada kamili ya kwanza, ya miaka mitatu, yenye mitihani na tasnifu. Chumba chako mwenyewe katika hosteli ya wanafunzi. Nilipomaliza, nikasema: "Na sasa tafsiri ya shangazi." Nikaisema yote, heshima, msingi na ukumbi, kwa sauti yake, na kidole juu.

Hakuna aliyecheka tena. Wengi wao watoto wao wana shahada hizo hizo ukutani. Mama mmoja wa kwaya, viti vya nyuma, akauliza kana kwamba anajisemea mwenyewe:

"Na ile barua yangu ya nyumba? Ile aliyosema wamekataa?"

"Hata mimi ya hospitali," mwingine akasema. "Aliniambia nisiende."

Niliona jambo lile likitembea ukumbini, kiti kwa kiti, kila mtu akirudi kichwani kwenye mfuko wake wa plastiki. Shangazi alivua miwani. Bila miwani ile macho yake yalikuwa madogo na mekundu, macho ya mtu yeyote. Mzee wa kanisa alisimama na cheti mkononi, hajui ampe au asimpe, mwishowe akakiweka kwenye meza ya soda.

Ningependa kuandika kwamba sikufurahi. Nilifurahi. Ilikuwa tamu mpaka kwenye meno. Nimeandika kurasa nyingi maishani na hakuna ukurasa uliowahi kunipa kile nilichopewa na uso wa shangazi mchana ule.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama na mimi, tukapita katikati ya soko. Alitangulia mpaka kwenye meza za mboga.

"Kile chumba," alisema, "kilikuwa na dirisha?"

"Ndiyo, mama. Meza chini ya dirisha. Na sinki."

"Sinki ndani ya chumba cha kulala?" Alisimama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuwa na maneno."

Aliokota nyanya, akaibonyeza, akairudisha. "Uliyapata lini?"

Hapo ndipo nilipoona mazungumzo yanakokwenda, na nilikuwa nimechelewa. "Mwaka wa kwanza chuoni."

"Mwaka wa kwanza. Ungeniambia jikoni, ningekwambia samahani, mwanangu. Ningekwenda mwenyewe Queensbury nikamvua ile miwani." Hakuwa amekasirika. Ingekuwa nafuu. "Miaka yote umekaa nayo. Nimempelekea maandazi kila Krismasi, umenibebea kikapu mpaka mlangoni kwake, na maneno unayo."

 Nilikuwa nayo kweli. Niliyahifadhi kwa ajili ya ukumbi uliojaa watu, na mama alikuwa mmoja wa watu hao, mstari wa mbele, akisikia habari ya maisha yake mwenyewe kwa kipaza sauti.

Siku kumi baadaye shangazi alipiga simu ya mama, akataka kuongea nami. Mama alinipa simu, akabaki amesimama mlangoni mwa jiko, taulo begani.

"Shikamoo, shangazi," nilisema.

Alichelewa. Nilisikia akipumua, nikamwacha apumue. Shikamoo haina njia ya kukwepa: au unaipokea au unajulikana hukuipokea.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Sasa nisikilize. Usifikiri sikujua maana ya honours. Niliijua kabla hujazaliwa. Kaka yangu alikuwa amekufa, mama yako hali wala halali. Wewe ungekwenda huko kwenye meza yako na dirisha lako. Nani angebaki naye? Mimi? Ningemweka wapi? Niliangalia zile barua mbili nikachagua ile inayokubakiza. Ningefanya tena leo. Sijutii hata kidogo, na umwambie mama yako hivyo hivyo."

Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Kwa hiyo ilikuwa ni hivyo: alijua, alichagua, na hajutii. Nilikuwa na maneno yake yote, safi, kwa Kiswahili chepesi kisichohitaji kamusi.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Nikaishusha simu. Niliyakunja maneno yale, nikayaweka mapajani.

"Anaomba radhi," nilisema.

Mama alifikiri. Alijifuta mikono kwenye taulo, kidole kimoja kimoja.

"Amesema hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno, mama."